Pombe ya Mjomba Matata Bado Chungu

Mikelenge, Kindu, 14 Machi 1999

Yaya Gérard,

Kaka yangu, tuko wazima, isipokuwa mguu wa mama, na huo nao umeshazoea kuuma. Chumvi imerudi sokoni, sabuni bado. Treni haijaonekana tangu vita vianze, meli vilevile. Chupa ya mwisho ya bia hapa Kindu aliinywa kamanda mmoja mbele ya kantini, na watu walisimama kumtazama kama vile anasoma Injili.

Sasa jambo lenyewe. Idrissa na watu wake wamemaliza kila kitu walichotakiwa: mbuzi, vitambaa, jembe, sufuria ya mama. Imebaki pombe ya mjomba. Wewe unajua, bila pombe ya mjomba mwanamke anaweza kuhama na hata kuzaa, lakini ndoa inabaki wazi kama nyumba isiyo na mlango. Watu wa Idrissa ni Waislamu wa tangu mababu. Walisema kwa adabu kabisa kwamba mahindi watanunua, mchele watanunua, kuni watapasua, ila pombe hawaipiki wala hawaibebi. Basi nikaipika mimi, bibi arusi mwenyewe.

Bia ya chupa haipo, lakini unakumbuka nilikuwa mpishi kwa yule padri wa Kibelgiji aliyejitengenezea bia nyuma ya sakristia. Alipokimbia aliacha gunia la houblon, yale maua makavu ya kijani yanayotia bia uchungu wake. Niliotesha mahindi, nikayaanika, nikayatwanga, nikachemsha na mchele na houblon kama alivyofanya yeye, nikaweka hamira, nikangoja. Ilitoka nzuri. Ilikuwa na povu.

Mjomba Matata alikuja kwa miguu kutoka Kailo na wazee wenzake. Tulimpa kiti chenye mikono na tukammiminia yeye wa kwanza. Watu wa Idrissa walikaa mbali, karibu na mlango, na chai yao, ili wanywaji wasiwaonee haya. Mjomba aliinua kikombe, akalowesha midomo, akakiweka chini.

"Iko chungu," alisema. "Hii njo dawa ya malaria, haiko pombe."

Wenzake walimaliza madumu yote na kuuliza kama kuna nyingine. Mjomba akasema nimwite tena siku itakapokuwa tamu.

Wewe uko mji mkubwa. Huko wanatia nini? Na unakuja lini? Mama anauliza kila siku.

Mdogo wako,
Bernadette

*

Kinshasa, 2 Juni 1999

Mdogo wangu Bernadette,

Mtawa aliniletea barua yako jana. Ilikuwa imefunguliwa na kubandikwa plasta ya kidonda. Pembeni, kwa penseli na mwandiko ambao si wako, pameandikwa: "Mama, tia asali." Nadhani ni ndugu anayekagua barua uwanja wa ndege wa huko. Namsalimia hapa hapa, maana na hii ataisoma.

Umeme unakuja usiku, maji yanakuja yakitaka. Kazi ipo. Kila jioni nasoma redioni kwamba Kindu itakombolewa wiki ijayo. Nasikia redio ya upande wenu inasema Kinshasa itaanguka wiki ijayo. Wiki ijayo imekuwa ndefu sana.

Nimeuliza mtu aliyefanya kazi katika kiwanda cha bia. Anasema houblon ikichemka kwa muda mrefu uchungu unazidi, kwa hiyo itie mwishoni, na kidogo. Halafu tia kitu kitamu: maji ya muwa, nanasi lililoiva mpaka kuoza upande mmoja, au asali kama anavyoshauri msomaji wetu. Mjomba ametamka lalamiko moja tu, uchungu. Ondoa uchungu, umeondoa lalamiko.

Kuhusu kuja, kalamu inaniishia wino.

Yaya wako,
Gérard

*

Mikelenge, 28 Novemba 1999

Yaya Gérard,

Mama anakusalimu, na mguu wake nao. Shamba limetoa mihogo. Paa limevuja juu ya kitanda chako, tumekihamisha.

Nimefuata maneno yako. Houblon ya kiganja kimoja tu, mwishoni. Muwa nilikamua dumu zima. Nanasi nilitia pamoja na maganda. Asali nilipewa na watu wa Idrissa, ambao wanasema asali ni ya Mungu na haijali inakwenda wapi. Halafu ndege ya misaada ilishusha biskuti zile ngumu zinazotiwa kwenye makopo. Watoto wa Mikelenge wamezila mpaka wanazitumia kucheza mpira. Nilitwanga kopo moja nikatia ndani. Yaya, ilikuwa tamu mpaka nzi waliingia kwa hiari yao. Mama alionja akauliza kama nimepika keki.

Tukamkalisha mjomba kiti kile kile, tukammiminia yeye wa kwanza. Watu wa Idrissa walikaa mlangoni na chai yao. Akalowesha midomo.

"Iko bado chungu."

Wazee wenzake walitazama vikombe vyao, wakatazamana, wakaendelea kunywa. Hakuna aliyethubutu kumpinga mbele ya wakwe. Nilitaka kulia nikaona aibu, nikaenda kufukuza nzi.

Nisemeje? Na wewe unakuja lini?

Bernadette

*

Kinshasa, 6 Machi 2000

Bernadette,

Barua yako imefika na safu mpya ya penseli pembeni: "Nilikwenda mwenyewe kwa Mama kuonja yaliyobaki. Si chungu hata kidogo." Kwa hiyo tuna shahidi asiye wa ukoo, mwenye bunduki, na aliyetembea kwa miguu yake mwenyewe mpaka Mikelenge ili kupata ukweli. Katika redio yetu hatuna mwandishi wa namna hiyo.

Lakini hata shahidi mwenye bunduki hashindi mjomba. Shehe ameshasoma yake. Hamia kwa Idrissa, fanya maisha. Mjomba atazeeka, na wazee wanapenda vitamu.

Mwambie mama kitanda wakiache hapo walipokihamisha.

Gérard

*

Mikelenge, 9 Oktoba 2023

Yaya Gérard,

Usishangae karatasi. Nikikutumia sauti kwa simu, parcelle nzima, watu wote wa ua wetu, inaisikiliza kabla yako, na jibu lako linasikilizwa mpaka Kailo. Jambo hili si la kufika Kailo. Francine, yule muuguzi jirani yetu, anakwenda huko kwenu Ubelgiji kwa mafunzo. Ataileta barua hii mkononi, na hakuna mtu wa kuifungua njiani. Nakwambia kweli, yule wa penseli ninamkumbuka. Alikuwa na ulimi wa haki.

Kaburi la mama tumelisafisha. Idrissa ana miwani sasa, anasema ni ya kusoma, lakini anaivaa kulala. Watu wanaokimbia vita vya Kivu wamefika mpaka huku, wawili wanakaa katika chumba chako cha zamani.

Kila mwaka tangu uondoke kwenye jambo hili nimempelekea mjomba Matata dumu moja. Gunia la padri lilipokwisha nilitumia majani machungu ya porini. Nimetia ndizi, maziwa ya kopo, pipi za mnanaa, Fanta. Mwaka mmoja nilitia tende ambazo Idrissa aliletewa za mfungo, akaninunia mpaka Idd. Kila mwaka mjomba analowesha midomo na kusema neno lile lile. Nikageuza kuwa mzaha, maana ndoa yangu ilikuwa inatembea hata bila mlango.

Sasa si mzaha. Binti yetu Aïcha ameposwa na Fadhili, mfanyabiashara wa Kampene, kijana mwenye heshima, na wanapendana. Tulikwenda kumwarifu mjomba. Amebaki ngozi na fimbo, lakini akili ipo. Akasema: "Mulango ya mama iko wazi. Mutoto atafunga yake namna gani?" Wazee wote wakasema ndiyo, ndivyo ilivyo. Watu wa Fadhili nao wakasema watangoja mpaka kiangazi, barabara ya Kampene itakapopitika. Mama yake amesema wazi kwamba kiangazi lazima kuwe na harusi, na kama si ya Aïcha itakuwa ya mwingine.

Aïcha ananiangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeipika chungu makusudi. Nitafutie houblon ya kweli. Kitanda chako nimekitia miguu mipya.

Bernadette

*

Liège, 12 Desemba 2023

Mdogo wangu,

Hapa baridi, ukungu, na mwanangu anayezima taa nyuma yangu. Kustaafu ni kusoma magazeti bila kulipwa. Magoti ni mazima.

Nimeingia duka ambalo haliuzi kitu isipokuwa vifaa vya watu wanaojipikia bia nyumbani. Houblon iko ya aina nyingi kuliko mihogo, imekaushwa na kusagwa kuwa vidonge kama chakula cha sungura. Nilimwambia muuzaji kwamba dada yangu alitia biskuti katika bia chungu wakati wa vita. Nilidhani atacheka. Aliita mwenzake aje asikie. Akanionyesha rafu nzima: sukari ya maziwa, vanila, nazi, chokoleti, sharubati nzito ya kumwagia chapati. Wanazitia katika bia chungu kwa hiari, wakiwa wameshiba, na wanashindania vikombe vya fedha. Akaniuliza uliitaje ile bia. Nikasema hatukuiita, tuliipika tu kwa sababu mjomba alikataa. Aliandika jibu langu.

Nimejiunga na chama chao ili nijue vizuri. Francine anakuletea houblon, vanila na sukari ya maziwa. Safari hii mjomba hana pa kutokea.

Kitanda kipewe hao wakimbizi.

Gérard

*

Mikelenge, 18 Februari 2024

Yaya,

Francine amefika salama. Uwanja wa ndege afisa mmoja alifungua vidonge vya houblon, akavinusa, akamuuliza kama ni bangi ya wazungu. Francine akasema ni kitu cha kutilia pombe. Afisa hakuamini, akatafuna kimoja. Francine anasema uso wake ulikwenda upande mmoja na ukachelewa kurudi. Akaamua ni dawa, akajiwekea pakiti moja kwa ajili ya tumbo la mkewe. Mimi na yule wa penseli tungemcheka sana.

Nilipika kama chama chako kinavyofanya. Vanila, sukari ya maziwa, na asali juu yake kwa ajili ya zamani. Jirani yetu Mkatoliki alisema hii ingefaa kwa komunyo ya kwanza ya watoto. Tukampelekea mjomba huko huko Kailo. Idrissa alinisindikiza, akakaa mlangoni kwa adabu kama siku zote. Mjomba alilowesha midomo.

Unajua alichosema.

Ila safari hii alinishika mkono. Akasema, "Mama, usichoke na mimi." Sikuelewa. Mtu anayenifungia mlango ananiomba nisichoke kubisha.

Aïcha hazungumzi nami. Anapika, anafagia, anajibu ndiyo na hapana. Wewe uliyehoji mawaziri, niambie ninakosea wapi. Sukari zimekwisha duniani.

Bernadette

*

Liège, 20 Machi 2024

Bernadette,

Salamu fupi, habari za hapa hazina uzito.

Juzi nilikuwa katika mkutano wa chama, kwenye gereji ya Blanchard, fundi wa treni mstaafu. Ametia maandazi katika bia yake, maandazi yenye sukari ya unga juu, dumu zima. Tulikaa tumeshika glasi tupu. Akajimiminia yeye kwanza, akanywa mbele yetu wote, akameza, ndipo akazunguka kutumiminia. Nikamuuliza kwa nini mwenyeji anatangulia. Akasema: "Ili muone kwamba haiui." Wakacheka. Mimi sikucheka.

Nimesoma upya barua zako zote. Nakuuliza, na unijibu kwa unachokumbuka, si kwa unachofikiri. Mwaka ule wa 1999, na miaka yote iliyofuata, ni nani wa upande wa Idrissa aliyeonja pombe ile kabla ya mjomba?

Kwetu mtu akileta kinywaji anakinywa kwanza. Babu alifanya hivyo hata kwa maji. Wewe ulikuwa jikoni, ulionja, lakini wewe ndiye uliyekuwa ukiombwa. Anayeombwa si mwombaji. Waombaji walikuwa mlangoni na chai. Wao walidhani wanatuheshimu kwa kukaa mbali. Sisi tulidhani dini yao imewasamehe. Na mjomba angefanyaje? Mtu anayesema "onja kwanza" amekwisha kukuita mchawi, na mbele ya wakwe wapya hilo halitamkiki. Alitafuta neno lingine la kukataa, akapata uchungu, na sisi tukaanza kutafuta sukari.

Haya ni makisio, chanzo chake ni gereji moja. Yathibitishe.

Gérard

*

Mikelenge, 2 Juni 2024

Yaya Gérard,

Kiangazi kimeingia, vumbi liko kwenye sahani. Tumefunga na kufungua mfungo salama. Sasa kaa chini.

Barua yako nilimsomea Idrissa. Alivua miwani. Akasema miaka yote alikaa karibu na mlango ili mjomba awe huru, na mara nyingi alitamani kukaa karibu, maana mazungumzo ya walevi yalikuwa mazuri kuliko ya wenye chai. Nikamwambia kwamba wewe yaya nawe, mwandishi wa habari mzima, ulinijaza kurasa za muwa na nanasi na hukuuliza nani alikunywa wa kwanza mpaka mzungu mwenye maandazi akufundishe. Alisema nisiandike hivyo. Nimeandika.

Lakini Idrissa hanywi pombe, na sitaki anywe kwa ajili yangu. Ukoo wake wote hauna hata mlevi mmoja wa siri. Nimeulizia, na wengine wameudhika. Nililala na jambo hilo mpaka nikakumbuka sufuria. Kabla ya kutia hamira, ile ni maji ya mahindi na mchele yaliyochemka na houblon. Ni pombe kesho. Leo bado. Idrissa akaenda kwa shehe. Shehe akafikiri, akasema: "Kabla ya hamira ni uji. Baada ya hamira usiniulize."

Tukatuma pikipiki Kailo kumleta mjomba, si siku ya kunywa, siku ya kupika. Hakuuliza sababu. Tulimweka kiti karibu na jiko mpaka fimbo yake ikapata moshi. Ilipochemka, Idrissa aliinuka kutoka mlangoni. Alipita katikati ya wazee wote, akachota kikombe katika sufuria, akapuliza, akanywa akimtazama mjomba machoni. Akameza chote. Uso wake ukakunjamana kama wa yule afisa.

"Mujomba," alisema, "iko chungu."

Mjomba Matata alicheka mpaka wakamshika asianguke kwenye moto. Alisema, "Basi unajua sasa. Miaka yote njo nilikuwa nakuambia." Halafu akajifuta macho kwa shati, na haikuwa moshi.

Nikatia hamira mbele yake. Alikataa kurudi Kailo. Alisema alichoonja mkwe wake ndicho atakachokunywa yeye, kisibadilishwe, na akalala kando ya pipa mpaka lilipokomaa, akila kuku wangu mmoja baada ya mwingine. Siku ya kunywa Aïcha ndiye aliyemmiminia. Yaya, hakulowesha midomo. Alikunywa mpaka chini, akageuza kikombe tuone. Akasema neno moja.

"Tamu."

Sasa nikuambie. Katika pipa lile sikutia kitu. Si asali, si vanila, si tende, si muwa. Houblon nilitia yote iliyobaki katika uliyotuma, viganja kwa viganja, na nikaichemsha mpaka kuni zikaisha. Nilitaka kujua. Wazee wenzake walikunywa wakikohoa, na hakuna aliyethubutu kumpinga. Vanila yako Aïcha ametia kwenye keki.

Mlango wa mama umefungwa. Watu wa Fadhili wamekuja kwa pikipiki tatu na mama yake amenikumbatia. Wamemaliza kila kitu walichotakiwa. Imebaki pombe ya mjomba.

Nilimwambia mzee Matata tutampa yeye kwa kuwa yuko hapa. Alikataa akiwa ameshika paja la kuku. Akasema yeye ni mjomba wangu, na mlango wangu umekwisha kufungwa. Mjomba wa Aïcha ni kaka wa mama yake.

Nimekuuliza tangu 1999 unakuja lini. Sikuulizi tena. Sufuria nimeisugua, mahindi yameota, na Fadhili anajua kwamba ataonja. Kiti chenye mikono kipo. Anayeweza kusema tamu au chungu ni wewe peke yako, na hilo halisemwi kwa simu.

Bernadette

*

Liège, 24 Juni 2024

Bernadette,

Ndege inafika Kinshasa tarehe tano, ya Kindu ikipatikana tarehe saba. Nabeba houblon ndani ya soksi.

Yule ndugu wa penseli, popote alipo, anisamehe: asali usitie. Mwambie Fadhili apulize kwanza.

Wakimbizi wasiondolewe chumbani. Nitalala mlangoni.

Gérard